Filta ya oili isiyofikika: soketi, miguu mitatu, mkanda, bendi au plaizi?

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umezama hadi begani kati ya injini na bodi, shavu limelala juu ya kifuniko cha injini, na filta haikuwa na habari nami. Kijana wa gereji ya jirani hapa Mikanjuni akapita, akasimama, akatazama kidogo.

"Shikamoo, mjomba. Wafunga au wafungua?"

"Marahaba. Nafungua."

"Mbona kama wafunga? Filta yatazama chini, nawe uko juu yake. Ukiwa hapo, kufungua ni kulia."

Robo saa nzima nilikuwa nikiikaza. Filta hufunguka kinyume cha saa ukiwa unaitazama kitakoni. Ukiifikia kutoka upande wa mdomo wake, yaani upande inakoshikana na injini, mkono nao unageuka. Hilo lihakikishe kabla hujailaumu spana yoyote.

Ila hata nilipogeuza mkono, haikutoka. Aliyenitangulia aliifunga kwa spana badala ya mkono, raba ikakauka, joto likaishikisha na chuma. Sisi wa Tanga tuna ule usemi wa waja leo waondoka leo. Filta hii ilikuwa ya wale waliokuja kwa siku moja wakaoa papa hapa.

Tangu hapo nimenunua karibu kila kifaa cha kufungulia filta kinachouzwa kwenye maduka ya spea ya Ngamiani, vingine kwa kuhitaji, vingine kwa hasira. Kila kimoja kimenisaidia siku fulani na kuniangusha siku nyingine. Nitavipitisha vyote kwenye maswali yaleyale ili uone kipi kinalingana na gari lako na mahali filta yake ilipojificha.

Cha kuangalia kabla ya kwenda dukani

Jambo kubwa kuliko yote ni nafasi. Watu huuliza spana ipi ina nguvu. Mimi nauliza kwanza mkono wako unafika wapi. Filta ina mdomo, ubavu na kitako. Mdomo umefungwa kwenye injini, kwa hiyo umebaki na njia mbili tu: kuishika ubavuni au kuishika kitakoni. Ingiza kidole kuizunguka. Kidole kikipita pande zote, ubavu uko wazi. Kikikwama kwenye bomba la ekzosi au kwenye chuma cha injini, ubavu umefungwa na utategemea kitako. Kisha tazama mbele ya kitako: pana nafasi ya kuingiza soketi na kichwa cha racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, au pana ukuta?

La pili ni mshiko, nao upime filta ikiwa imelowa oili, maana ndivyo itakavyokuwa. Huku kwetu pwani ongeza kutu. Gari linalolala Raskazone, upepo wa bahari unalipuliza usiku kucha, filta yake ikikaa mwaka mmoja rangi imekwishachubuka na chuma kimeota chunusi.

La tatu, kifaa kikishindwa, kinakuachia nini? Kuna kinachoteleza tu ukajaribu tena, na kuna kinachoibonda filta hata kifaa cha pili kisipate pa kushika.

La nne ni saizi. Kifaa kimoja kinaweza kutosha filta moja tu, kingine kikatosha gari lako, la shemeji na la jirani.

Kipimo chenyewe hakitaki ufundi. Zungusha uzi kwenye ubavu wa filta, upime urefu wake kwa rula, ugawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 204 ni filta ya 65, yaani yenye upana wa milimita 65. Muhimu hapa upime filta iliyomo kwenye gari, siyo mpya uliyoinunua. Mimi nilibeba mpya dukani, soketi ikaingia kama kofia kichwani, nikarudi nyumbani kwa furaha na kukuta iliyofungwa garini ni ya kampuni nyingine, nene zaidi. Dukani nikarudi tena, mwenye duka ananicheka.

Soketi ya kofia

Umbo lake ni kama kikombe cha kahawa ya barazani, kisicho na mkono. Ndani kina pande ndogondogo zinazokaa sawasawa na pande zilizobonyezwa kwenye kitako cha filta, na nyuma kina tundu la mraba la racheti. Filta ndogo za Toyota, zile zinazoingia kwenye Vitz, IST na nyingi za ukoo huo, mara nyingi ni za 65 zenye pande 14. Soketi yake huandikwa 65 au 65/67. Baada ya hapo kuna 74, 76, 80 na kuendelea.

Nafasi: hapa ndipo inapowaacha wenzake. Ukuta wake ni mwembamba, ubavuni inataka milimita chache tu. Filta iliyobanwa na ekzosi, kama ile ya chini kwenye Subaru za zamani, inafikika kwa soketi bila kugusa bomba. Ongeza ekstensheni, kile chuma cha kurefushia, na mkono wako unabaki nje kwenye hewa huku soketi ikifanya kazi ndani. Inachodai ni uwazi mbele ya kitako. Pakiwa finyu, tafuta soketi yenye kichwa cha nati mgongoni. Hiyo inazungushwa kwa spana ya kawaida, na unapata sentimita kadhaa ambazo racheti ingezila.

Mshiko: mzuri sana saizi ikiwa yenyewe, maana inashika pande zote kwa pamoja na oili haiisumbui. Saizi ikizidi kidogo, inaruka upande hadi upande na kuzisaga pande hizo. Kutu nayo huzila. Fundi mmoja alinionyesha kupiga soketi polepole kwa mpini wa nyundo ili ikae hadi mwisho kabla ya kuzungusha. Inasaidia, lakini filta ikishatoka nayo inabaki imeng'ang'ania ndani ya soketi, ukaigonge tena kuitoa.

Ikishindwa: pande zimesagika, ila ubavu bado mzima. Bado unaweza kujaribu mkanda au bendi.

Saizi: moja tu. Bei yake ikiwa ya peke yake huwa ndogo. Seti nzima kwenye boksi ni jambo jingine, na sehemu kubwa ya boksi hilo hutaigusa maisha yako yote.

Inamfaa: mwenye gari moja ambaye kila mara anafunga filta ya aina ileile. Nasisitiza hilo la aina ileile. Ukibadilisha kampuni kila sevisi kwa kufuata bei, soketi yako itakuwa pambo.

Kuna magari ambayo soketi hii haina mbadala. Hayana filta ya kopo la bati. Yana kofia ya plastiki au ya alumini, na ndani yake karatasi ya kuchujia. Kofia hiyo ni ya kudumu, hutupi karatasi na kofia pamoja. Miguu mitatu au plaizi huipasua. Kwenye kofia nyingi za Toyota za aina hiyo pameandikwa kabisa 25 Nm, kipimo cha kukazia, nacho ni kidogo kuliko mkono wa hasira unavyodhani.

Miguu mitatu

Wengine huiita makucha. Ina miguu mitatu iliyopinda na meno ya gia katikati. Ukizungusha racheti, miguu inajikunja na kuibana filta, na kadiri filta inavyokataa ndivyo inavyobanwa zaidi.

Nafasi: inaingilia kitakoni kama soketi, kwa hiyo nayo inafurahia ekstensheni. Tatizo ni unene wa miguu. Kila mguu unataka nafasi ya karibu upana wa kidole ubavuni. Ekzosi ikiwa imesogea, miguu miwili inaingia, wa tatu unabaki nje ukitazama. Nimelala chini ya gari la watu nikiizungusha miguu hiyo upande huu na ule, kama mtu anayetafuta usingizi.

Mshiko: kwenye filta kavu ya bati gumu, haina mpinzani. Kwenye filta ya bei ya chini yenye bati laini, inabana hadi inazama. Oili inaipunguzia nguvu kidogo tu.

Ikishindwa: hapa ndipo pabaya. Inabonda kopo likawa pembe tatu, na likishabonda hivyo soketi haiingii tena. Ndiyo maana nikiwa na vyote viwili huanza na soketi, miguu mitatu ikaja ya pili, siyo kinyume chake.

Saizi: nyingi. Ya kawaida inachukua takriban milimita 60 hadi 100, yaani kuanzia kigari cha mjini hadi pikapu. Soma iliyoandikwa kwenye boksi, zinatofautiana.

Inamfaa: fundi wa mtaani anayepokea IST asubuhi na Noah mchana, au ukoo wenye magari manne ya makabila manne. Usiitumie kufungia. Inayo nguvu hiyo, na atakayeifungua filta mara nyingine ni wewe mwenyewe.

Mkanda

Ni mshipi wa nailoni au mpira uliofungwa kwenye kipande cha chuma chenye tundu la racheti. Unauzungusha kwenye ubavu wa filta, ukizungusha chuma mkanda unajikaza.

Nafasi: mkanda wenyewe ni mwembamba, unapita pasipopita chuma chochote. Kazi ni kuupitisha. Lazima vidole viwili vifike nyuma ya filta viupokee, na mkono wa mtu mzima haukuumbwa kwa ajili hiyo. Mwanangu wa miaka kumi na miwili ameniokoa mara mbili, kwa malipo ya soda. Ukishapita, unaweka ekstensheni na kuzungushia mbali.

Mshiko: ukavu ndio roho yake. Tone la oili likiingia, mkanda unateleza na utabaki ukizungusha racheti bure. Futa kopo kwa kitambaa chenye petroli kidogo, injini ikiwa imepoa, au weka kipande cha msasa katikati, upande wa mikwaruzo ukitazama filta. Angalia pia umeuzungusha upande sahihi. Ukikosea unajilegeza badala ya kujikaza.

Ikishindwa: hakuna ulichoharibu. Ni kifaa pekee hapa ninachoweza kumwazima mtu bila wasiwasi.

Saizi: karibu zote.

Inamfaa: mwenye filta iliyolala ubavu wazi huku mbele ya kitako kuna ukuta, na mwenye subira. Pia wenye boti za injini za nje za stroku nne pale Deep Sea, ambao chumvi imekwishakula pande za kitako na soketi haina cha kushika. Msasa na mkanda, taratibu, hutoa hata filta ya namna hiyo.

Bendi ya chuma

Ni pete ya bati gumu yenye mpini ubavuni. Ukivuta mpini, pete inajikaza. Ndiyo niliyoikuta mikononi mwa mafundi nilipokuwa mtoto na bado inauzwa kila kona.

Nafasi: inataka ubavu, tena inataka mpini upate pa kuchezea. Zipo za mpini unaokunjika, zinazosaidia kwenye pembe. Mpini usipopata hata robo ya robo ya mzunguko, isahau. Mshiko ni mzuri kuliko wa mkanda kwenye oili, hasa ukiishika filta karibu na mdomo, kwenye bati lililo gumu, badala ya katikati penye uwazi ndani. Ikishindwa inaacha kopo limebonyea kiuno, lakini mara nyingi si kiasi cha kukunyima jaribio jingine. Saizi zake hazinyumbuki sana, pete ya filta kubwa haiwezi ndogo. Inamfaa mwenye gari refu, pikapu au Land Cruiser ya zamani, ambalo fundi anaweza kuingia chini na kukaa kitako akanywa chai.

Plaizi ya filta

Hizi ni plaizi kubwa, midomo yake imepinda na ina meno. Nafasi inayotaka ni ya mikono miwili kuzifungua na kuzifumba, na hiyo kwenye injini ndogo ni anasa. Zile zenye mdomo uliopinda mbele zinaweza kuifikia filta kutokea kitakoni, zikatoa ile ambayo vingine vimeshindwa. Mshiko ni wa meno, oili na kutu havina la kusema. Madhara ni ya meno vilevile: zinatoboa. Saizi zinatosha nyingi. Ni kifaa cha fundi wa magari mengi anayetaka kitu cha haraka na asiyejali filta inatoka na sura gani, kwa kuwa inakwenda kutupwa. Mnyororo, ule wa filta nene za malori, uweke kundi moja na hizi, ila kwenye gari dogo ni kuua mbu kwa shoka.

Vya kubahatisha

Katani. Ndiyo, katani. Mzee mmoja wa barabara za namba alinifungulia filta ya pikapu kwa kamba ya mkonge: mizunguko mitatu kwenye kopo, kijiti kikapitishwa kwenye kitanzi, akakivuta kama anayekaza mzigo wa kuni. Kamba mpya ya katani ina ukwaru unaoshika kuliko nailoni. Fenibelti kuukuu nayo hufanya kazi hiyo. Lakini ubavu ulikuwa wazi kabisa. Kwenye filta iliyobanwa, kamba haina pa kupita wala kijiti hakina pa kuzungukia.

Bisibisi lililopigwa nyundo likatoboa kopo, kisha likatumika kama mpini, ni njia ambayo kila mtu anaijua na wengi wameijutia. Bati huchanika kama karatasi, oili inakumwagikia, na kopo linaweza kutoka peke yake likaacha sahani ya mdomo imeng'ang'ania injini. Hapo unahitaji tindo na mkono mtulivu wa kuisukuma sahani kwenye ukingo bila kugusa uso wa injini wala ule mrija wenye nyuzi. Ukilazimika kutoboa, toboa karibu na mdomo palipo pagumu, usitoboe kitakoni.

Sasa uchukue kipi?

Kama kidole hakipiti ubavuni lakini mbele ya kitako pana uwazi, chukua soketi ya saizi yako na ekstensheni ya sentimita kumi na tano au zaidi. Hapa sioni sababu ya kutapanya fedha kwingine.

Kama kitako kimetazamana na ukuta na ubavu uko wazi, chagua mkanda ukiwa hupati pa kuchezea mpini, au bendi ukiwa unapapata.

Kama hujui gari la kesho ni lipi, miguu mitatu ndiyo itakayokupunguzia safari za dukani. Weka na mkanda kando, kwa siku ambayo mguu wa tatu haukai.

Kama pande za kitako zimeliwa na chumvi au na soketi ya mwenzio, usijaribu soketi nyingine ya saizi ya karibu. Nenda kwenye mkanda na msasa, kisha bendi, plaizi za mwisho.

Kama umenunua gari juzi na hujui nani alifunga filta yake, chukulia imekazwa kupita kiasi. Washa injini dakika chache, uizime, uache oili iwe ya uvuguvugu. Raba hulainika kidogo. Usingoje ipoe kabisa, wala usikimbilie ekzosi ikiwa bado moto. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi.

Filta ikianza kulegea, ivike chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, ndiyo ipokee oili. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, hadi ilipopigwa marufuku Juni 2019, na kusema kweli chupa ni bora kuliko mfuko. Ikitoka, tazama raba imetoka nayo. Raba ya zamani ikibaki kwenye injini ukafunga mpya juu yake, oili itaruka nje barabarani. Ipake raba mpya oili safi, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kadiri ilivyoandikwa kwenye kopo. Kwenye kitako andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe, kilomita na saizi ya soketi.

Na hata kama umechukua kifaa gani, ijaribu filta kabla ya kumwaga oili ya injini. Igeuze kidogo tu, uone kama inakubali, kisha ndiyo ufungue nati ya kumwagia. Ikikataa na ukaona bati linaanza kubonyea, acha hapohapo. Oili ingali ndani, filta haijatoboka, na gari litakupeleka lenyewe hadi kwa fundi wa Kange bila kuvutwa kwa kamba.